Fundo la Agneta

Kila siku baada ya masomo Shantel alivua sare, akanywa uji uliopoa, akaketi uani karibu na mama yake na kuanza kumenya mafunjo. Kazi hiyo haikuhitaji macho. Shina la mafunjo lina pembe tatu. Unalichana kwa ukucha kwenye pembe moja, unavuta ganda la kijani kutoka juu hadi chini, na mkononi unabaki na utepe mrefu, mgumu kama kamba. Mama yake, Agneta, aliyekuja Kisumu kutoka Port Victoria akiwa msichana, alikuwa amemfundisha kabla hajajua kusoma. Sasa Shantel alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko gredi ya saba, na vidole vyake vilifanya kazi huku akili yake ikitembea inakotaka.

Agneta alikuwa katika kikundi cha watu tisa waliokata mafunjo kwenye kinamasi cha Dunga, ukingoni mwa ziwa, na kusuka mikeka iliyouzwa mpaka soko la Pap Onditi. Kikundi hicho kilikuwa na utaratibu wake. Kukata kulifanyika mara moja kwa mwezi, Jumamosi ya kwanza. Katika wiki ya kabla ya siku hiyo, kila mkataji aliingia kinamasini na kutafuta sehemu iliyokomaa. Akiipata, alikusanya mashina machache yaliyosimama, akayakunja na kuyafunga kwa utepe. Kila mtu alikuwa na fundo lake. La Agneta lilizungushwa mara mbili, ncha ikapitishwa chini na kuelekezwa ziwani. Hata katika mafunjo mia, mwanakikundi angelitambua.

Fundo halikumaanisha tu kwamba mafunjo yamekomaa. Aliyelifunga alikuwa amepita pale kwa miguu yake, ameinama na kutazama chini, na kuhakikisha kwamba hakuna kiota, hakuna shimo la maji, wala njia ya kiboko. Mafunjo ni marefu kuliko mtu. Ukiwa ndani humwoni mwenzako aliye hatua tano kutoka kwako. Kwa hiyo siku ya kukata hakuna aliyeuliza swali mbele ya fundo. Mkataji alilifikia, akainua panga, akaanza.

Shantel alikuwa ameyasikia haya mara nyingi kiasi kwamba hakuyasikia tena. Wiki hiyo alikuwa akiwazia kitu kingine kabisa: ndege aitwaye korongo taji.

Shule yao ya Nyalenda ilikuwa na klabu ya ndege, na klabu ilikuwa na kamera moja. Kamera hiyo ilitolewa na Mzee Tarlochan, aliyekuwa na studio ya picha mjini kwa miaka arobaini kabla ya kuifunga. Alikuwa mzee mrefu, mwenye kilemba cha samawati na ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri, na hakupenda maneno kama "karibu" au "kidogo hivi". Ukimwambia ndege alikuwa mbali kidogo, alikuuliza ni mita ngapi. Ukimwambia asubuhi, alikuuliza saa ngapi.

Pamoja na kamera, mzee huyo alileta daftari na sheria nne. Wapigapicha waende wawili wawili, mmoja na kamera, mwingine na daftari. Kila picha iandikiwe saa, mahali, umbali, na kile ndege alichofanya. Ndege aliye kwenye kiota asisogelewe chini ya mita thelathini. Na mwisho, mpigapicha asiguse chochote kilicho mbele ya kiota, si jani, si tawi. Mwalimu Celestine, mlezi wa klabu, aliwaeleza sababu. Korongo taji amepungua sana. Sheria ya wanyamapori inamlinda yeye na kiota chake, na aliyebeba kamera badala ya mtego hasamehewi kwa sababu hiyo. Majani yanayomsumbua mpigapicha ndiyo yanayomficha ndege asionekane na mwewe.

Maonyesho ya picha za shule yalikuwa yanakuja. Mwanafunzi ambaye picha yake ingechaguliwa angekaa na kamera kwa mwaka mzima. Shantel aliitaka kamera hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

Alhamisi ilikuwa zamu yake na Lorine, rafiki yake. Oduor, mwendesha mashua aliyewatembeza wageni wa kutazama ndege, aliwafikisha kwenye jukwaa la mbao lililojengwa ndani ya mafunjo, akawaambia wasishuke, kisha akaenda kukagua nyavu zake mbele kidogo. Kiota kilikuwa kimeonekana siku nne kabla. Kupitia lenzi Shantel aliona mashina yaliyolalishwa, mgongo wa kijivu, na ncha za dhahabu za taji. Mbele ya hayo yote palikuwa na mafunjo. Alipiga picha kumi na moja. Katika zote kumi na moja, ndege alikuwa madoa nyuma ya mistari ya kijani.

"Hizi ni picha za ufagio," Lorine alisema.

Shantel hakucheka. Aliitazama mashua ya Oduor ikipotea nyuma ya kona, akaning'iniza kamera shingoni, akashuka. Lorine alimwita kwa sauti ya chini, mara moja, kisha akanyamaza kwa kuogopa kumshtua ndege. Shantel alijua kutembea juu ya mafunjo. Alikanyaga pale mashina yaliposongamana, hatua fupi, mpaka akafika karibu sana na kiota. Korongo aliinamisha kichwa, lakini hakuondoka. Mashina yaliyoziba yalikuwa kama ishirini, kumi kila upande. Shantel aliyakusanya ya kushoto, akayakunja, akayafunga kwa utepe aliouchuna hapo hapo. Akafanya vivyo hivyo kulia. Vidole vyake vilizungusha mara mbili, vikapitisha ncha chini, vikaielekeza ziwani. Havikujua fundo jingine.

Kisha akarudi nyuma hatua chache, akachuchumaa, akapiga.

Picha moja tu. Korongo alikuwa ameinua kichwa, mashavu meupe, jicho la kijivu likimtazama moja kwa moja, na taji lote limewaka jua.

Aliporudi jukwaani, Lorine alikuwa na kalamu mkononi. Alimuuliza aandike nini kwenye umbali.

"Andika thelathini."

"Zilikuwa nane, Shantel. Tisa tukikuonea huruma."

"Andika thelathini. Na andika hakuna kilichoguswa. Kwani ndege ameondoka? Si bado amekaa pale?"

Lorine aliangalia kiota, akaangalia maji, akaandika. Mashua ya Oduor ilikuwa inarudi. Shantel alikuwa amekusudia kushuka tena na kuyafungua mashina. Sasa hakuweza tena.

Ijumaa Mwalimu Celestine alionyesha picha za wote kwenye kompyuta ya shule. Ilipofika ya Shantel, wanaklabu walisogea mbele kuitazama. Mwalimu alisoma maandishi ya daftari kwa sauti, mita thelathini, hakuna kilichoguswa, akasema hiyo ndiyo picha itakayokwenda kwenye maonyesho. Lorine alikuwa akiifuta kalamu yake kwa kona ya sweta, ingawa haikuwa na uchafu.

Jioni hiyo Agneta alinoa panga uani huku akimpa Shantel mpango wa kesho. Mzee Wechuli, mkataji mkongwe wa kikundi, alikuwa amepita kinamasini kwa mashua mchana kuhesabu mafundo. Alikuta mafundo mawili ya Agneta upande wa mashariki, karibu na jukwaa la wageni. Agneta hakukumbuka kufunga kule mwezi huu. Lakini alikuwa amezunguka sana tangu Jumatatu, na mafundo yalikuwa yake, Mzee Wechuli hakosei fundo. Wangeanzia hapo, saa tatu asubuhi, umande ukishakauka.

Shantel aliacha kumenya. Aliuliza, kwa sauti ambayo alijitahidi iwe ya kawaida, kama mkataji akiona ndege mkubwa mbele yake hawezi kusimama.

"Atamwonaje?" mama yake alisema. "Unakata umeinama, macho kwenye shina. Ndiyo maana kuna fundo, mwanangu. Fundo limeshaangalia kwa niaba yako." Akajaribu makali ya panga kwenye ganda la mafunjo. Lilikatika bila sauti.

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Shantel alijua hivyo wakati ule ule, hakuja kujua baadaye. Lakini kusema kulikuwa na gharama yake, na aliijua pia: picha ingeondolewa, kamera ingekwenda kwa mwingine, na jina la Lorine lingetajwa. Alijiambia kwamba Mzee Wechuli ana macho makali. Alijiambia kwamba korongo ana urefu wa mita moja na sauti kama tarumbeta. Alikusanya maganda, akaenda kulala.

Jumamosi aliamka akakuta mama yake ameshatoka. Saa mbili na robo alikuwa darasani na wanaklabu wengine kumi na wawili. Mzee Tarlochan alikuwa amekuja kuwafundisha jambo moja: namna ya kujua umbali kwa kuangalia picha. Alisema angetumia picha bora ya klabu kama mfano. Akaiweka kwenye kompyuta, na korongo akajaza nusu ya kioo.

Mzee alieleza taratibu. Lenzi haidanganyi na haipendelei. Kitu cha urefu wa mita moja, kikiwa mita thelathini kutoka kwenye lenzi hii, kina ukubwa wake kwenye picha, na ukubwa huo haubadiliki leo wala kesho. Wangeujaribu wenyewe uwanjani. Akawatuma wawili wabebe kiti ambacho mgongo wake ulikuwa na urefu wa mita moja, akatoka nje na utepe wa kupimia.

Saa ya ukutani ilionyesha mbili na dakika thelathini na nane.

Wanafunzi walisimama kwenye mstari uwanjani. Utepe ulivutwa mara tatu, mita kumi kila mara. Kiti kiliwekwa kule mwisho, kidogo, cheupe, kimepinda kwenye majani. Hata kwa macho matupu ilionekana kwamba korongo wa kwenye picha alikuwa karibu zaidi. Lorine alimtazama Shantel. Mzee Tarlochan aliinua kamera hadi jichoni.

Shantel aliona mambo mawili kwa pamoja. Akikaa kimya, kamera ingesema kwa niaba yake baada ya nusu dakika. Na wakati wakiwa bado wanalinganisha kiti na ndege na kuulizana maswali, saa tatu ingefika.

"Mzee, usipige," alisema. "Haikuwa thelathini."

Mzee Tarlochan alishusha kamera. "Mita ngapi?"

"Nane. Labda tisa."

"Nane au tisa?"

"Nane." Akasema alishuka jukwaani, akafunga mafunjo yaliyokuwa mbele ya kiota, tena kwa fundo la mama yake, na kwamba wakataji walikuwa wanakwenda kuanzia hapo hapo. Saa tatu. Lorine hakuandika uongo kwa kupenda, ni Shantel aliyemwambia aandike.

Mwalimu Celestine alikuwa ameshatoa simu. Alimpigia Agneta. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Hawaingii na simu kinamasini," Shantel alisema. "Zinaanguka majini. Wanaziacha kwenye ndoo ufuoni."

Mzee Tarlochan hakumkemea. Alimpa mwanafunzi mmoja utepe wa kupimia aukunje, akawaambia Shantel na Lorine wapande pikapu yake. Lorine alichukua daftari bila kuambiwa. Mwalimu alibaki na wengine, akiendelea kupiga simu.

Barabara ya Dunga ilikuwa na mashimo ya mvua, na mzee aliendesha kama anayebeba mayai nyuma. Shantel alitaka kumwambia aongeze mwendo, akashika ukingo wa kiti. Walipofika ufuoni saa ilikuwa tatu kasoro dakika nne. Ndoo nyeupe ilikuwa chini ya meza ya kupasulia samaki, imefunikwa kwa sahani. Ndani yake simu ilikuwa inalia. Hapakuwa na mtu wa kuipokea.

Oduor alikuwa akifunga mashua. Shantel alimweleza kwa sentensi tatu. Oduor alisema kwamba Alhamisi aliwaacha jukwaani kwa sababu aliamini watabaki jukwaani. Kisha akasukuma mashua majini.

Waliingia kwenye mfereji. Pande zote mbili mafunjo yalisimama kama kuta, na hewa ilikuwa nzito. Mbele, mahali wasipoweza kupaona, sauti ilianza: pigo fupi, kimya, pigo fupi. Panga moja, halafu mbili, halafu sauti nyingi zilizochanganyika.

"Wameanza," Oduor alisema.

Shantel alitaka kupiga kelele. Oduor alimwambia kelele ya mtu haifiki ndani ya mafunjo, inamezwa. Alimpa kafi. Wakataji walikuwa na ishara yao: ubavu wa mashua ukigongwa mara tatu, kila mtu anasimama alipo. Shantel alisimama kwenye mashua, akagonga. Mara tatu. Akangoja. Panga moja liliendelea. Akagonga tena, kwa nguvu iliyomuumiza viganja.

Sauti ya panga ilikatika.

Walimkuta Mzee Wechuli amesimama katikati ya uwazi mpya, mashina yaliyokatwa yamelala nyuma yake kwa mistari. Alikuwa amekata kutoka mferejini kuyaelekea mafundo mawili, na sasa yalikuwa hatua nne tu mbele yake. Nyuma ya mafundo kulikuwa na kiota. Juu ya kiota hapakuwa na ndege. Kulikuwa na mayai matatu ya rangi ya maziwa yaliyofifia, wazi kabisa chini ya jua.

Korongo alikuwa upande wa pili wa uwazi, akikokota bawa moja kana kwamba limevunjika, akitoa mlio mzito.

"Nimedhani amerogwa," Mzee Wechuli alisema polepole. "Kumbe alikuwa ananiita nimfuate, niache mayai yake."

Wanawake walitokea mmoja mmoja kutoka kwenye mafunjo, Agneta wa mwisho. Alimwona binti yake kwenye mashua, akamwona mzee wa kilemba, akashangaa. Kisha akaona mafundo. Aliyasogelea, akayatazama bila kuyagusa.

"Haya ni yangu," alisema. "Na si mimi niliyeyafunga."

Nzi walilia juu ya mafunjo yaliyokatwa.

"Niliyafunga mimi, Mama. Alhamisi. Nilitaka picha."

Agneta hakupaza sauti. Uso wake ulikuwa mgumu, na Shantel akatamani angepaza. Mzee Wechuli alifuta panga kwenye suruali yake, akasema, bila kumtazama mtu, kwamba ameingia kinamasini kwa miaka ishirini na sita. Amewahi kung'atwa na nyoka, amewahi kukimbizwa na kiboko.

"Lakini kudanganywa na fundo, leo ni mara ya kwanza."

Mzee Tarlochan aliuliza ndege ameondoka kwenye mayai tangu lini. Mzee Wechuli alikadiria dakika sita au saba. Tarlochan alisema jua la saa tatu linaweza kuua yai lisilofunikwa, ingawa hajui ni kwa muda gani hasa, na kwamba juu kulikuwa na mwewe wawili. Wote walitazama juu. Kweli walikuwa wawili, wakizunguka bila haraka.

Kuyaacha mafunjo yakiwa yamefungwa kulimaanisha kuliacha dirisha wazi kwa mwewe. Kuyafungua kulimaanisha mtu akaribie tena. Agneta alikata shauri. Aliyefunga afungue, peke yake, haraka, na wengine wote waondoke sasa.

Shantel alishuka. Alitembea hatua zile zile za Alhamisi. Fundo la kushoto lilifunguka. La kulia lilikuwa limekaza kwa umande na jua, na kucha zake ziliteleza. Korongo alilia tena, karibu zaidi. Shantel aliinama, akaliuma fundo kwa meno, akavuta. Mashina yaliinuka polepole, yakayumba, yakaziba. Hakuyatazama mayai. Aligeuka, akarudi kwenye mashua.

Walirudi nyuma mpaka ng'ambo ya mfereji, zaidi ya mita mia, wakakaa. Ndege hakuonekana. Lorine alifungua daftari juu ya goti na kuandika: saa tatu na dakika kumi na tatu, ndege hayuko kwenye kiota.

Dakika kumi zilipita. Mwewe mmoja alishuka chini kuliko mwenzake. Dakika kumi na tano. Mwanamke mmoja alianza kusema neno, Agneta akainua kidole. Dakika ishirini. Mzee Tarlochan alikuwa na darubini na hakumpa mtu. Shantel alihesabu pumzi zake mwenyewe, akapoteza hesabu, akaanza upya. Mwewe alipita juu ya mahali pa kiota, akageuka, akapita tena. Mafunjo yalikuwa yameziba tena. Hakushuka.

Dakika ya thelathini na nne, ncha za dhahabu zilitokea juu ya mafunjo. Zilisimama. Zilikwenda hatua moja, zikasimama tena. Kisha zikashuka, taratibu, mpaka hazikuonekana.

"Amekaa," Tarlochan alisema, akampa Lorine darubini ahakikishe kabla ya kuandika.

Picha ya korongo haikwenda kwenye maonyesho. Shantel mwenyewe alisimama mbele ya klabu na kusoma upya ukurasa wa Alhamisi, ukiwa umerekebishwa: mita nane, mashina ishirini yamefungwa. Lorine alisahihisha kwa mstari mmoja ili maandishi ya zamani yasomeke, kwa sababu Mzee Tarlochan alikataa yafutwe. Mwalimu Celestine alitoa taarifa kwa afisa wa wanyamapori, naye akaja shuleni, akamhoji Shantel na mama yake kwa saa nzima, akaandika onyo. Kamera ya mwaka ilikwenda kwa Simran wa gredi ya nane, aliyempiga picha ndege aina ya mdiria akiwa amekaa kwenye waya.

Baada ya wiki tatu, kutoka jukwaani, Oduor aliona vifaranga wawili wa rangi ya hudhurungi wakimfuata mama yao. Yai la tatu halikuanguliwa. Shantel alimuuliza Mzee Tarlochan kama ni kwa sababu ya jua la siku ile.

"Hatujui," alisema mzee. "Huenda. Huenda lilikuwa bovu tangu mwanzo. Andika kwamba hatujui."

Lakini jambo lililomuuma Shantel kuliko yote halikuwa kwenye daftari. Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata alimsindikiza mama yake kukata. Mzee Wechuli alipofika kwenye fundo la Agneta, alisimama. Aliweka panga chini, akainama, akapenya ndani ya mafunjo na kukagua kila mahali kwa mikono yake. Kisha ndipo akakata. Hakusema neno la ubaya. Kwa mafundo ya wengine wote hakuinama. Agneta alisimama akingoja, mikono imekunjwa, huku wenzake wakijifanya wanafunga mizigo. Mwezi wa pili ikawa vivyo hivyo.

Mwezi wa tatu, asubuhi yenye ukungu, Shantel alikuwa tena kwenye mashua. Wiki hiyo mama yake alikuwa amemwacha aingie naye wakati wa kufunga, akamfanya apitie mafunjo hatua kwa hatua, apapase kila shimo, kabla ya kugusa utepe. Mzee Wechuli alilifikia fundo. Akalishika kwa vidole viwili, akalitazama lile zungusho la mara mbili na ncha iliyoelekea ziwani. Mzee hakuinama. Aliinua panga, akakata.

Agneta alishusha mabega, kama mtu aliyetua mzigo wa mafunjo mabichi. Akageuka kwa binti yake.

"Tunafanya kazi mahali ambapo hatuonani," alisema. "Mimi namwamini Wechuli kwa fundo lake, naye ananiamini kwa langu. Daftari lako na Lorine nalo ni fundo. Anayelisoma hakuwapo. Anategemea kwamba wewe uliinama ukatazama. Imechukua miezi mitatu kulirudisha fundo langu. Kuliharibu kulikuchukua dakika ngapi?"

Shantel alifikiri kwanza, kwa sababu alitaka jibu liwe sahihi.

"Mbili, Mama."

"Basi hilo nalo liandike," Agneta alisema, akachukua panga lake na kuingia kwenye mafunjo.